Beki wa Tuta la Nne

Kwetu mtu akivunja tuta la mwenzake hadaiwi pesa. Huitwa mwethyani, akapewa jembe, akachimba pamoja na wale ambao kazi yao ameiharibu. Mwethya ni kikundi cha kazi: leo tunachimba shambani kwangu, wiki ijayo kwako, na hakuna anayelipwa ila kwa chakula cha mchana na kwa zamu yake kufika. Kikundi chetu kilikuwa cha wanawake watupu, na mimi nilikuwa mwenyekiti wake tangu mtoto wangu wa mwisho alipoanza kutembea. Nilishika filimbi, kamba na pima maji. Sikuketi darasani hata siku moja, lakini kile kiputo cha ndani ya pima maji nilikisoma vizuri kuliko watu wengi wanavyosoma barua zao. Kiswahili hiki ninachokisema ili wewe, mjukuu wangu, ukiandike, nilikipata nikiwa msichana, nilipofanya kazi nyumbani kwa mama mmoja Mwislamu mwenye duka mjini Machakos. Mama huyo hakukubali sentensi iliyopinda, kama vile asivyokubali chapati iliyoungua.

Mwanamke niliyempeleka mwethyani mwaka ule alikuwa Mmarekani, na kazi yake ilikuwa beki wa mpira wa miguu.

Ulikuwa mwaka wa vurugu za uchaguzi, vurugu zenyewe zikiwa zimekwisha kutulia. Shule ya wasichana iliyo chini ya mteremko wetu, upande wa Kangundo, ilimpokea mgeni huyo afundishe michezo hadi Desemba. Mwalimu mkuu akaniomba nimpe nyumba ya mwanangu, ambaye alikuwa akifanya kazi Nairobi na nyumba ikikaa bure. Nilikubali kwa masharti mawili: afagie uwanja wake mwenyewe, na asilishe mbwa wangu chakula cha watu. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba, na juu ya goti la kushoto alikuwa na kovu refu lililonyooka kama mshono wa gunia. Akaanza kuniita Susu, yaani bibi, kabla sijampa ruhusa. Nikamwacha.

Kila asubuhi alikimbia. Alikimbia katikati ya mashamba, akipanda na kushuka, na wiki ya pili nikakuta ukingo wa tuta langu la nne umebomoka, na katika udongo kuna alama ya kiatu chenye meno. Nilimngojea kwenye tuta lile lile mpaka aliporudi akihema.

Jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, mwanamke ambaye mdomo wake haujapata kupumzika tangu azaliwe, alikuwa amesimama nami. Alimtazama mgeni akija, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwenyekiti, huyu anakimbia na hakuna kitu inamfuata. Ama huko kwao ng'ombe zinachunga watu?"

Mgeni aliomba msamaha vizuri. Akasema anafanya mazoezi ya goti. Nikamwambia kuwa goti ni lake na tuta ni langu, na kwamba Jumanne angekuja mwethyani kama mtu mwingine yeyote. Hakubisha. Alionekana hata kufurahi, jambo ambalo lilinikera kidogo, kwa maana nilikuwa nimekusudia kumwadhibu.

Kabla ya Jumanne nilitaka kujua ninampeleka mtu wa namna gani, kwa hiyo nilimwita ale muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwangu mchana. Alieleza habari zake polepole, akitafuta maneno. Alianza kucheza akiwa mtoto, akasomeshwa chuo kikuu kwa sababu ya mpira, kisha akaajiriwa na timu na kulipwa mshahara. Kazi yake haikuwa kufunga mabao. Alisimama nyuma na kuwazuia wanaokuja kufunga. Misimu mitatu alifanya hivyo, halafu siku moja wenye ligi wakawaambia wanawake wote kwamba fedha zimekwisha na warudi makwao. Tangu hapo alikuwa akifundisha watoto na kucheza jioni katika timu zisizolipa, mpaka goti likakatika ndani. Lilishonwa. Sasa, baada ya miaka, ligi ya wanawake ilikuwa inafufuliwa, na kocha mmoja aliyemkumbuka alimwambia aje mwanzoni mwa mwaka ajaribiwe. Goti likishika, angeandikwa. Lisiposhika, basi, kwa sababu alikuwa anakaribia miaka thelathini na hakuna ambaye angemngoja tena.

Jirani yangu, ambaye hakualikwa lakini alikuwapo, alimuuliza katika misimu ile mitatu alifunga mabao mangapi.

"Mawili," akasema mgeni. "Moja kwa kichwa."

"Miaka tatu, mawili," akasema jirani. "Ng'ombe ya namna hiyo tungekuwa tumeuza."

Mgeni alicheka hadi akaweka sahani chini. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo. Nilikuwa nimemtazama akikimbia kwa siku kadhaa, na kila alipofika mwisho wa shamba na kutaka kugeuka, aligeukia mguu wa kulia. Hata pale ambapo njia ilimtaka ageukie ule wa kushoto, alizunguka mduara mzima kama mkokoteni ili asikanyage kwa nguvu ule mguu ulioshonwa. Nimefuga ng'ombe maisha yangu yote. Mnyama anayeficha kwato namjua hata akiwa amesimama. Daktari wake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba goti limepona. Aliyekuwa hajaambiwa, au hajasadiki, ni yeye mwenyewe.

Jumanne ikafika. Tulikuwa tunachimba upya tuta la nne kutoka mwisho hadi mwisho. Matuta yetu huchimbwa kwa namna ya fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, na udongo wake unautupa upande wa juu uwe ukingo. Mtaro unapaswa kuwa sawa wote, ili maji yasimame kila mahali kwa kimo kimoja na kunywewa na ardhi bila haraka. Kila mwanamke hupimiwa hatua tano. Tunaanza pamoja kwa filimbi, tunakwenda kwa wimbo mmoja, na anayemaliza kimo cha jembe husimama akawangoja wengine. Hii ndiyo sheria yetu ya kwanza, na mzee aliyetufundisha kazi hii aliisema kabla hajatuonyesha hata jembe lishikwe vipi.

Mgeni hakungoja. Nadhani hakuielewa sheria, au aliielewa akadhani ni ya wanyonge. Wenzake walipokuwa wangali wamezama hadi magotini, yeye alikuwa amezama hadi mapaja, na kuta za sehemu yake zilinyooka kama ukuta wa nyumba. Wanawake walimsifu. Jirani yangu alisema kwamba tumepata trakta isiyotumia mafuta.

Jioni nilipitisha kamba na pima maji. Kwenye hatua zake tano kiputo kilikwenda upande, na nikakiona kikienda. Hapo nilipaswa kupiga filimbi, kuwasimamisha wote na kumwambia arudishe udongo, au wengine wote wateremke hadi kimo chake. Lakini mawingu yalikuwa yamekwisha kujaa upande wa Konza. Mahindi yangu yalikuwa yamekwisha kuota kwa manyunyu ya kwanza. Wanawake walikuwa wamechoka, na kusema kweli moyo wangu ulikuwa umependezwa na nguvu za yule binti. Nilikunja kamba nikaitia kikapuni. Miaka yote ya uenyekiti wangu sikuwahi kumwachia mtu yeyote kosa kama hilo, hata dada yangu wa tumbo moja.

Mvua ilikuja siku ya nne, alasiri, nzito, bila upepo. Tulisimama mlangoni pa jiko langu, mimi na mgeni, tukitazama mteremko. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Maji yaliingia mtaroni, yakatulia, na mgeni akatabasamu. Kisha nikaona maji ya pande zote mbili yakianza kutembea kuelekea mahali pamoja. Yalikwenda kukaa kwake. Yakajaa pale, yakaula ukuta wake ulionyooka, na ukingo wote wa hatua zile tano ukakaa chini kama mtu aliyevunjika kiuno. Yaliyotoka hapo yaliondoka na tuta la tano na la sita, na mahindi yaliyokuwa yamechomoza vidole viwili.

Mgeni alichukua koleo akatoka mbio. Nilimwita arudi. Maji yakishapita hayafukuzwi. Alisimama katikati ya mvua, udongo ukimfika kwenye mashavu ya miguu, kisha akarudi taratibu, akakaa kwenye kigoda bila kujipangusa.

"Susu," akasema, "pale pangu palikuwa pazuri kuliko pote."

"Ndiyo sababu pamevunjika," nikamjibu.

Kisha akanieleza siku goti lake lilipokatika, jambo ambalo hakuwa amelieleza vizuri pale kwenye muthokoi. Mabeki wanne husimama katika mstari mmoja, akasema, na mstari huo huenda mbele na kurudi nyuma pamoja. Siku ile mshambuliaji alikuwa anamjia mwenzake wa kando, msichana mdogo aliyekuwa mgeni katika timu. Yeye aliona kwamba msichana hataweza, akaacha mahali pake, akajirusha ili auchukue mpira mwenyewe. Mpira ulipita pale alipotoka, na mguu wake ukabaki ardhini huku mwili umekwisha kugeuka.

"Yule msichana alikuita?" nikamuuliza.

"Hapana. Hakuna mtu aliniita."

Ningeweza kuishia hapo nikabaki na heshima yangu. Lakini alikuwa ameniambia la kwake, na mimi la kwangu lilikuwa limenikaa kooni tangu Jumanne. Nikamwambia kwamba kiputo nilikiona, na kwamba nilinyamaza.

Alinitazama kana kwamba amenisikia kwa lugha nyingine. "Uliona?"

"Niliona."

"Na ukaacha mimi nifikiri ni kazi nzuri."

Aliinuka akaenda nyumbani kwake. Siku mbili hakuja kunywa chai. Alifagia uwanja wake, akaenda shuleni, akanisalimu kwa maneno ya kufundishwa, na mimi nikaitikia kwa maneno ya kufundishwa. Jirani yangu alikuja kuuliza kama tumeachana. Nilimwambia afunge mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga.

Siku ya tatu niliita mwethya. Mbele ya wanawake wote nilieleza kosa langu tangu mwanzo, nami nikajitoza faini ile ile ambayo ningemtoza mwingine: sukari ya kikundi, na kubeba jiwe la kwanza. Sijui kwa nini jambo hilo liliwafurahisha hivyo. Wengine walikuwa wamelingoja kwa miaka. Jirani yangu alichagua jiwe langu yeye mwenyewe, na hakuchagua dogo. Nilifunga kamba, nikaipitisha kwenye paji la uso kama tunavyobeba mzigo wowote, nikashuka nalo hadi kwenye pengo. Nilipoinua kichwa nikamwona mgeni amesimama nyuma yangu na jiwe lake mgongoni.

Nilimpa mahali kando yangu kwenye mstari na kumwamuru asinizidi hata kwa jembe moja. Mimi nilikuwa nimepita miaka sitini, na mkono wangu haukuwa na haraka. Nafikiri hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya Ukambani. Aliinua jembe akangoja. Aliteremsha, akangoja. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, nilisikia pumzi yake imeanza kwenda pamoja na yetu.

Tulikuwa tumebakiza kupanda nyasi kwenye ukingo pale beberu la jirani yangu lilipokata kamba. Lilikuwa dume jeusi lenye kiburi, na liliziona zile nyasi changa tangu juu ya mteremko. Likashuka. Ukingo ulikuwa udongo mbichi. Kwato nne tu zingetosha kuturudisha mwanzo. Wanawake walianza kuokota mawe. Mgeni alitoka kwenye mstari, lakini hakulikimbilia. Aliinama kidogo, akatandaza mikono, akaanza kurudi nyuma.

"Haya," akasema jirani yangu, "sasa anatoroka mbuzi."

Beberu lilikwenda kushoto, naye akaenda kushoto, hatua fupi, bila kuligusa. Likageuka kulia, naye yuko. Likajaribu kushoto tena, na tena, kwa kasi, akageuka pamoja nalo. Kila mara alilipa nafasi, lakini ilikuwa nafasi ya upande wa miiba. Alirudi nyuma namna hiyo hadi lile dume likajikuta kwenye kona ya ua, likasimama, likamtazama mwenye mali yake kama linalouliza sheria ya mchezo huu. Jirani yangu akalishika pembe. Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mimi nilikuwa nahesabu. Nilimwendea nikamuuliza, "Umegeukia mguu gani?"

Hakuelewa.

"Mara tatu," nikamwambia. "Mara tatu umegeukia wa kushoto."

Alitazama chini, kwenye goti lake, jinsi mtu anavyomtazama mtoto wake aliyefika nyumbani peke yake kutoka mbali. Aliusimamia mguu ule, akageuka mara moja. Akageuka tena. Kisha akanishika mkono wenye udongo akaushikilia, nami nikamwacha kwa muda unaofaa, halafu nikamkumbusha kwamba nyasi zinakauka.

Kuanzia kesho yake alikimbia akigeuka kama swala. Chai alikunywa kwangu. Mvua zilizobaki zilikuta tuta sawa, na nilivuna mahindi kidogo na maharagwe ya kutosha. Alipoondoka Desemba nilimpa kikapu nilichosuka mwenyewe, naye akaniachia koleo lake na viatu vyenye meno, ambavyo jirani yangu anavivaa shambani hadi leo.

Mwanzoni mwa mwaka ujumbe uliingia kwenye simu ya mwanangu. Ulikuwa mfupi. Ulisema kwamba goti limeshika na ameandikwa.

Baadaye mwaka huo alituma DVD ya mechi moja nzima. Kwetu hapakuwa na mashine ya kuichezesha, kwa hiyo wanawake wa mwethya tulivaa vitambaa vyetu vya kikundi tukateremka Machakos, hadi kwenye duka la yule mama niliyemfanyia kazi zamani. Mama alikuwa amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Mwanawe ndiye aliyekuwa mwenye duka. Alituwekea mabenchi mbele ya televisheni, akatupa chai ya tangawizi, akanisalimu kwa shikamoo kama mama yake alivyomfundisha.

Kwa muda mrefu hatukuona kitu. Wengine walikimbia na mpira, naye alikuwa nyuma akitembea. Jirani yangu alilalamika kwamba mtu huyu analipwa kutembea. Kisha niliacha kutazama mpira nikatazama wale wanne. Walikuwa kama waliofungwa kamba moja. Walipanda pamoja, wakashuka pamoja, na wale waliokuja kwa kasi walifika mbele yao wakapungua, wakatafuta upande, wakakosa, wakasimama. Mara moja beki mdogo wa kando alichomoka mbele. Beki wetu aliinua mkono akamwita, na yule msichana akarudi kwenye mstari. Sauti ilikuwa ya Kiingereza, lakini nilijua amesema nini.

Filimbi ya mwisho ilipigwa bila bao upande wowote.

"Tumetoka mbali hivyo," akasema jirani yangu, "kuona mpira ikikataa kuingia?"

Nikamwambia kwamba hayo ndiyo mavuno yake. Alifikiri, akanywa chai, akasema kwamba basi ni mkulima mzuri, na akamwomba mwenye duka arudishe mwanzo.

Alicheza misimu miwili. Halafu akaacha mwenyewe, akiwa mzima, kwa siku aliyoichagua, na sasa anafundisha wasichana kusimama katika mstari. Tuta la nne lipo. Nyasi zimelifunika, na pale penye mawe hapana tofauti na pengine. Ni mimi tu ninayejua hatua zile tano zinaanzia wapi. Kila mwaka kabla ya mvua ninapitisha kamba juu yake. Na shambani mwa mtu yeyote, kiputo kikienda upande, napiga filimbi, hata mawingu yakiwa yamefika juu ya vichwa vyetu.